Maji ya Kisima cha Uani

Gari hili nililinunua kwa ajili ya jicho moja. Watu wa mtaani kwetu, hapa Lindi, walidhani nimepandwa na majivuno, mwalimu wa sekondari kujitia gari la juu lenye turbo, na wengine walinisema mbele yangu kwa utani ambao haukuwa utani. Nikawaacha waseme. Baba yangu alikuwa na presha ya macho. Jicho la kushoto lilikufa kabla hatujajua hata ugonjwa wenyewe unaitwaje, na la kulia lilikuwa linakufa polepole, kutokea pembeni kuja katikati. Daktari wa macho yuko Mtwara. Mabasi yalikuwa yanamchosha baba, akishuka anashika ukuta ndipo apige hatua. Nikasema nitanunua gari, nitampeleka mwenyewe kila atakapoitwa, mpaka siku ya kupasuliwa, ili jicho moja libaki.

Aliyeniuzia, kule Dar es Salaam, alilisifu kama mtu anayeozesha binti. Injini ndogo, petroli kidogo, na ukitaka mbio unazipata. Hakusema uongo. Kilichobaki hakukisema tu, na mimi sikujua cha kuuliza.

Mwaka wa kwanza nililipenda, sioni haya kukiri. Shule yangu iko nje ya mji, upande wa Mchinga, na kila asubuhi nilikuwa nakipanda kilima cha Mbanja huku magari mengine yanalia. Langu ukilikanyaga lilinyamaza kidogo, kama linafikiria, kisha likakusukuma mgongo. Lakini lilikuwa na adabu nyingi kupita uwezo wetu. Likitoka safari halizimwi papo hapo, sharti lingurume dakika moja mbili turbo ipoe. Basi nafika msibani, watu wamekaa kwenye mikeka wameinamisha vichwa, na mimi nimekaa ndani ya gari linalonguruma, mwanamke mzima asiye na haya. Petroli ya kwenye chupa, ile inayouzwa vijijini kando ya barabara, hailitaki. Oili ya kupima kwenye dumu, hailitaki. Mafundi wa mjini wakifungua boneti wanakuta plastiki nyeusi imefunika kila kitu, wanairudisha chini taratibu na kusema, "Mwalimu, hili la kompyuta." Alibaki fundi mmoja tu, mtu mzima mwenye gereji njia ya kwenda uwanja wa ndege, aliyethubutu kuligusa.

Na baba. Baba alikuwa dereva wa malori. Simaanishi hawa wa lami. Alikuwa dereva wa barabara ya kusini ilipokuwa matope matupu, mtu wa kuondoka Lindi na korosho asijue atafika lini. Aliwahi kukaa siku nne Mbwemkuru akingoja mto ushuke. Mama alikuwa akisema kwamba kwenye ndoa yake walikuwa watatu, yeye, baba na lori, na kwamba mke mkubwa ni lori. Baba alipozeeka na mama alipofariki, alikuja kukaa kwangu akiwa na sanduku moja, msala, na tochi isiyo na betri. Hakuwa na kazi tena. Hilo lilimuuma kuliko macho.

Gari lilipofika, siku ya pili tu nilimkuta amesimama mbele yake baada ya sala ya alfajiri, kopo la maji mkononi, ananisubiri nimfungulie boneti.

"Maji, oili, upepo," aliniambia. "Dereva hapigi stata kabla ya hayo matatu."

"Baba, hili halitiwi maji. Lina maji yake ya rangi, ya kiwandani, fundi kasema yasichanganywe na kitu."

Alicheka. "Gari lisilokunywa maji, mama, sijapata kuliona."

Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Nilimtazama pale na kopo lake, kanzu kaipandisha magotini isichafuke, nikashindwa kumrudisha ndani. Nikafanya hila. Kwenye gari lile kuna kijitanki cha maji ya kuoshea kioo cha mbele, kina mfuniko wa buluu, mtu akikitia maji ya namna yoyote hakidhuriki. Nikamshika mkono nikampeleka pale. "Basi hapa, baba. Mfuniko huu wa buluu ndio wa maji." Akaupapasa, akauzungusha, akauliza kwa nini wameuweka pembeni hivyo. Nikamwambia magari ya siku hizi ndivyo yalivyo. Akaridhika. Nikaingia ndani kujiandaa, najisifu moyoni kwa akili yangu.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kazi yake. Anatoka msikitini, anachota maji kwenye kisima cha uani, anafungua boneti, anatia, anafuta kioo, anapiga matairi teke kila moja akisikiliza linavyojibu. Nikitoka na begi la madaftari namkuta amesimama kando ya mlango wa dereva. Nampa shikamoo, ananiitikia marahaba, kisha ananikabidhi gari, "Liko sawa. Nenda." Kuna siku nilikuwa naondoka nyumbani nikiwa nimechukia dunia nzima, na hayo maneno mawili matatu yalinifikisha shuleni. Wakati huo nilidhani mimi ndiye ninayempa kitu.

Kisima chetu kina chumvi. Mji uko kando ya bahari, kisima chenyewe si cha kina, na maji yake tunafulia na kuoshea vyombo tu, ya kunywa tunanunua. Sufuria ya kuchemshia maji ya kuoga ina ukoko mweupe ndani usiotoka hata kwa mchanga. Nimekulia Kiswere, nimeona chumvi inavyokula kufuli na bawaba za milango. Hakuna asiyejua.

Jicho la baba lilikuwa linaendelea kupungua. Tulikwenda Mtwara mara nne, akapewa dawa za matone, tukaambiwa asubiri daktari wa upasuaji ambaye huja kwa zamu. Kila safari nilikuwa namuuliza anaona nini barabarani, naye ananitajia, bango, mbuzi, baiskeli ya mkaa. Safari ya tatu alitaja vitu ambavyo havikuwepo. Nilielewa kwamba anavitaja kwa kumbukumbu, njia ile anaijua kama chumba chake. Nyumbani nilimwona akikosa mlango kwa kiganja kimoja, akijifanya alitaka kugusa ukuta. Hayo yote niliyaona. Ambalo sikulifikiria hata mara moja ni kwamba mtu anayekosa mlango wa chumba chake atakosa pia mfuniko wa buluu.

Kumbe alikuwa ameshaukosa miezi mingi. Chini ya boneti mifuniko ni miwili, yote ya plastiki, yote ya kuzungusha, na mmoja ni wa tanki la maji ya kupozea injini na turbo, yale ya rangi, yasiyochanganywa. Ule ndio mkubwa na ndio unaotangulia mkononi. Kila alfajiri, gari likiwa baridi, baba alikuwa anaufungua na kujaza maji ya kisima mpaka juu. Mchana likipata moto linatema yaliyozidi, na kesho yake anajaza tena. Mimi nikiona maji chini ya gari pale shuleni nasema ni ya kiyoyozi. Joto la kwetu kiyoyozi hakizimwi, na magari yote yanadondosha. Kidogo kidogo maji ya kiwandani yalitoka yote, yakabaki ya kisima.

Siku ya upasuaji tulitakiwa kuwa hospitali saa tatu asubuhi. Tuliondoka kabla jua halijatoka. Baba alikuwa amevaa kanzu nyeupe na koti, kajipaka mafuta, hajala kitu maana waliagiza asile. Tulipita Mingoyo, tukapita Mnazi Mmoja, na kabla hatujafika njia panda ya kwenda Sudi akainua kichwa akanusa.

"Linachemka," akasema.

Sikuwa nimeona kitu. Nikatazama mbele yangu, na kweli taa nyekundu ikawaka, gari likalegea, mguu wangu uko chini kabisa na halisogei. Nikaliweka pembeni. Mvuke ulikuwa unatoka kwenye boneti. Baba akaniagiza kama utingo wake: vunja matawi, weka mbele na nyuma, hatua thelathini. Nikavunja matawi kando ya barabara, mwalimu na baibui langu, nikayatandaza juu ya lami ili wenye magari wajue kuna lililokwama. Tukangoja lipoe. Akaniambia nifungue mfuniko kwa kitambaa, kidogo kidogo, uso pembeni. Nikatia maji yetu ya kunywa, chupa zote mbili. Likawaka. Likaenda kilomita mbili, pengine tatu, likachemka tena.

Ndipo likasimama basi la abiria. Nakumbuka kila kitu cha basi hilo, hata pazia lake la kijani. Kondakta akashuka mwenyewe. "Shikamoo mzee. Mama, pandeni, nafasi mbili zipo, saa tatu kasoro mtakuwa Mtwara."

Nikafungua mlango wa baba. "Baba, twende. Gari litaletwa baadaye."

Hakufungua mkanda. "Dereva haachi gari njiani."

"Dereva ni mimi, baba."

"Basi wewe ndiye usiache." Akaushika ule mkanda kwa mikono miwili. "Mimi nimelala Mbwemkuru siku nne na gari la Mhindi, gari la watu, sikuliacha. Leo niliache la mwanangu? Wafungue kila kitu, tukirudi tukute boneti tupu? Tia maji. Linataka maji tu."

Kondakta alinitazama. Dereva wa basi akapiga honi. Nilikuwa na dakika moja hivi, na katika dakika hiyo ningeweza kufanya mambo mengi. Ningeweza kumfungua ule mkanda na kumvuta. Ana mwili mwepesi, na kondakta angenisaidia. Ningeweza kumfokea, nimewafokea watoto wa watu miaka kumi na tisa. Lakini nilimtazama uso, na niliona anaogopa. Hakuwa anaogopea gari. Alikuwa anaogopa kisu kwenye jicho, jicho lake la mwisho, na sheria ya udereva ilikuwa imempa mahali pa kusimama na heshima yake. Nami nikamhurumia. Huruma ile naijutia mpaka leo. Nikamwambia kondakta, "Nendeni, tunakuja."

Hatukufika mbali. Mama mmoja aliyekuwa anarudi kisimani alitupa nusu ya ndoo yake, tukatia, likawaka likiwa linatetemeka, likatoa moshi mweupe nyuma kama jiko la kuni mbichi. Baba akasema sasa limekubali. Mbele kidogo likapiga kelele moja ya chuma na kuzima. Basi la pili lilipita limejaa. Tulikuja kuvutwa kwa kamba na lori la chumvi, tukaingia Mtwara watu wanatoka kusali alasiri. Muuguzi alikuwa mpole. Alisema daktari amemaliza orodha, anaondoka kesho alfajiri, na kwamba tutaitwa zamu ijayo, kama miezi mitatu. Baba akamshukuru. Akaniambia, "Miezi mitatu si mingi," na nilisikia kwenye sauti yake kwamba amefurahi.

Gari lilirudishwa Lindi juu ya lori jingine. Fundi alilifungua siku mbili. Siku ya tatu akaniita, akanionyesha mipira ya maji aliyoichomoa. Ndani ilikuwa myeupe, kama ile sufuria yetu. Alikwangua kwa ukucha, akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Mwalimu," alisema, "humu mlikuwa mnachemsha chumvi."

Nilikaa kwenye tairi bovu. Akanieleza, njia za maji zimeziba, turbo imekosa kupoa ikakwama, hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, imepinda. Lori lingevumilia, alisema, lori linakunywa hata maji ya dimbwi. Hizi injini ndogo za turbo zinafanya kazi zimebana pumzi, hazina msamaha. Akauliza nani alikuwa anatia maji. Nikamwambia mimi. Akatikisa kichwa, na sasa kila anikutapo mjini naona anavyonifikiria, msomi asiyejua kusoma maandishi ya kwenye mfuniko. Afadhali hivyo.

Baba alikuwa barazani nilipofika. Aliuliza fundi kasema nini. Niliketi karibu naye. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani, tangu gereji mpaka nyumbani, ya kumwambia kwa upole. Lakini mtu aliyeendesha miaka ile yote asipinduke, asiache gari njiani, nimwambie kwamba gari la mwanawe kaliua kwa mkono wake, na kwa hilo jicho lake limekosa daktari?

"Kasema ni turbo, baba. Imetoka hivyo kiwandani."

"Nilijua," akasema, na akajiegemeza. "Vitu vya turbo vidogo vile si vya huku. Mimi nililitunza."

"Ulilitunza, baba."

Zamu ya daktari haikungojwa na jicho. Miezi miwili na siku kadhaa baadaye tulikuwa tunakunywa chai uani, jua limeshatoka, limempiga usoni kabisa, jasho linamtoka kwenye paji la uso. Akauliza, "Mbona leo kunachelewa kukucha?"

Niliweka kikombe chini. Nadhani ukimya wangu ndio uliomwambia. Alikaa kidogo, akageuza uso huku na huku akiutafuta mwanga, kisha akanyoosha mkono kutafuta mkate, akaupata, akala. Tulipokwenda Mtwara zamu ilipofika, kwa basi, daktari alilimulika lile jicho muda mrefu, akasema pole.

Watu walikuja kutupa pole hapa nyumbani, wenyeji na ndugu wa Kiswere na wa Kilangala waliotuletea ufuta. Kila mmoja alileta na methali ileile, heri kufa macho kuliko kufa moyo. Sijui aliyeitunga alikuwa nani, lakini nina hakika alikuwa anaona. Nilikuwa naitikia na kumimina kahawa. Moyo wangu ndio uliokufa, tena nilikuwa nimesimama mbele yao na birika, hakuna aliyenipa pole kwa hilo. Nakwenda shuleni kwa basi dogo, nafundisha, narudi. Usiku nalala. Mchana ndio mrefu. Katikati ya somo nakumbuka pazia la kijani la lile basi, nasahau nilichokuwa naandika ubaoni.

Gari liko uani. Lilivutwa mpaka hapa, fundi akabaki na rejeta na ile mipira, akisema akipata ya mitumba ataniita, na hajaniita wala sitarajii. Tairi mbili zimelala. Watu wananiambia niliuze kama chuma chakavu. Siwezi, kwa sababu ya baba.

Hakuacha, ndiyo sababu. Wiki moja baada ya kuambiwa pole, alfajiri, nilisikia boneti inafunguka. Nikatazama dirishani. Alikuwa ameifuata njia kwa kamba ya kuanikia nguo, kopo mkononi, kanzu kaipandisha magotini. Akapapasa, akaupata mfuniko, ule mkubwa, akafungua, akatia. Chini ya tanki hakuna mpira sasa, liko wazi. Maji yaliingia juu na kutoka chini papo hapo, yakamwagika kwenye mchanga. Niliyasikia mpaka chumbani. Akatia mpaka kopo likaisha, akafunga mfuniko vizuri, akafuta kioo, akazunguka kupiga tairi. Ile iliyolala ilipomjibu vibaya alisimama kidogo, kisha akaenda kwenye ya pili. Ikawa kila siku.

Kwa muda mrefu nilijiambia hajui kwamba maji hayakai. Lakini baba ni mtu aliyekuwa anasikia tone la oili likidondoka akiwa ndani ya kebini na injini inanguruma. Jana nilitoka mapema, nikasimama karibu naye kabla hajamaliza. Maji yalikuwa yanamwagikia miguuni, makubadhi yamelowa, miguu imelowa mpaka kwenye vifundo, mchanga umemganda. Hakuisogeza. Aliendelea kumimina, kichwa kakiinamisha upande anakoyasikia yakienda.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama." Akalitikisa kopo, tupu. Akasema, "Linakunywa sana, gari lako hili."

"Linakunywa, baba," nikasema.

Akaninyooshea kopo. Nikalipokea, nikaenda kisimani kumchotea jingine.